Tulivyomkasirikia Mke wa Mtu wa Taa

Sina hakika kama jambo hili linafaa kuandikwa. Ni habari ya watu wazima, wengine wenye wajukuu, waliogombana barazani kwa ajili ya kitabu cha katuni. Nikilisema hivyo naona haya. Lakini nimelala nalo na kuamka nalo, hasira haijanitoka, na nimeona nikiliandika huenda nikajua nimemkasirikia nani hasa.

Mimi ni fundi wa kanzu. Duka langu liko Mji wa Kale, chini ya nyumba ya ami yangu, na mbele yake kuna baraza ya mawe ambayo ikifika alasiri haikosi watu. Shule niliachia darasa la nane. Kiingereza changu ni cha kusoma vibao vya maduka na vijikaratasi vya maelezo ya kufulia nguo, basi. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba katika mambo yote yanayofuata mimi nilitegemea masikio, na masikio yangu sikuwahi kuyatilia shaka.

Aliyekuwa akitusomea ni karani wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Ni mtu wa bara, Mkristo, mpole, mwenye miwani. Mara ya kwanza alikuja dukani kupunguza suruali, na chini ya kwapa alikuwa na kitabu cha picha ambacho binamu yake aliye ng'ambo alimtumia. Ami yangu, aliyekuwa amekaa nje na kikombe chake cha kahawa, akamuuliza kinahusu nini. Karani akaanza kueleza akiwa amesimama. Ami akamwambia, "Ndoo ukae hapa, bwana. Habari haisimuliwi kwa miguu." Akapewa kahawa na kipande cha halua, akasoma mpaka suruali ikawa tayari, na suruali ilipokuwa tayari hakuna aliyemwambia.

Toka siku hiyo, kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, alikuja. Alikuwa na namna yake ya kusoma. Kitabu alikishika kifuani, kikitutazama sisi ili tuone picha, naye akiinamisha shingo na kuyasoma maneno kutoka juu, kichwa chini miguu juu, akiyageuza kuwa Kiswahili papo hapo. Akimsemea adui sauti inakuwa nzito, akimsemea mtoto inakuwa nyembamba. Ami alikuwa akimsahihisha Kiswahili chake cha bara bila kumwonea, naye alikuwa akirudia sentensi kama alivyosahihishwa na kuendelea. Picha nyingine aliziwekea kiganja. Tulijua kwa nini, na tuliona ni adabu. Hakuna aliyewahi kumwambia aondoe mkono.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mlinzi wa ghala katika mji fulani wa baridi. Mlinzi huyu alikuwa na uwezo wa kuingia ndani ya taa yoyote inayowaka na kutokea katika taa nyingine, popote pale. Adui yake ni Giza, linalomeza mji mtaa kwa mtaa. Sisi tulimwita Mtu wa Taa. Dereva mmoja wa tuktuk, ambaye ndiye mdogo wetu pale na ndiye mwenye mdomo, alisema shujaa huyo akihamia Mombasa atakufa wiki ya kwanza, stima ikipotea yuko katikati ya safari. Alicheka lakini aliipenda hadithi kuliko sote. Nyuma ya tuktuk yake aliandikisha MTU WA TAA kwa rangi ya manjano, na kuna watu wawili watatu walimsimamisha Makadara wakitaka awatengenezee umeme wa nyumbani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Katika kitabu cha kwanza kabisa, shujaa anarudi nyumbani alfajiri amechoka, na mwanamke anamfungulia mlango. Ami akauliza, "Huyo ni mkewe?"

Karani akakitazama kitabu, akamtazama ami. Akasema, "Naam, mzee. Mkewe."

"Wameoana lini?"

"Kabla kitabu hakijaanza."

Ami akatikisa kichwa, akaridhika. Ni lazima nieleze kwamba ami yangu kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kufungisha ndoa mtaani kwetu. Mpaka leo akikutana na mtu mwenye mvi humuuliza, "Mahari ya mkeo ulimaliza?" Kwake yeye mtu haanzi kueleweka mpaka ijulikane ameoana na nani. Si ubaya. Ndivyo alivyozoea kuwaona watu.

Basi tukaendelea hivyo, kitabu baada ya kitabu, miaka. Yule mwanamke tulimpenda. Kila jioni alikuwa akiwasha taa ndogo dirishani ili mumewe awe na njia ya kurudia nyumbani. Ami alimtaja mpaka ndani kwa wajukuu wake wa kike. "Kuna mwanamke mmoja katika kile kitabu cha karani," alikuwa akiwaambia, "hajalala na taa imezimwa hata usiku mmoja." Wale wasichana walikuwa wakitazamana tu.

Kisha kikaja kitabu cha mwisho.

Siku hiyo baraza ilijaa, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba leo inakwisha. Karani alichelewa kidogo. Alipofika niliona hana raha, lakini nilidhani ni joto. Akasoma. Giza limemeza mji wote, imebaki taa moja tu, ile kubwa ya mnarani inayoongoza meli. Mtu wa Taa anaingia ndani ya taa ile, na ili isizimike inambidi abaki humo humo, aishikilie kwa ndani. Haruhusiwi kutoka tena. Giza linarudi nyuma, mji unapona. Mpaka hapo tulikuwa tumeshika vichwa, wengine machozi yanawalenga, na tulikuwa radhi kabisa.

Karani akafungua ukurasa. "Miaka kadhaa baadaye," akasoma. Picha ilikuwa ya bustani, watu wamevaa vizuri, na mwanamke yule amevaa nguo nyeupe. Pembeni yake yuko rafiki wa shujaa, yule askari wa zimamoto aliyekuwemo tangu vitabu vya mwanzo, amemshika mkono. Karani akasoma maneno yao kwa sauti ndogo sana. Ukurasa wa mwisho ni usiku. Mwanamke yuko dirishani, anaitazama ile taa ndogo, halafu anaizima. Basi.

Gari la mkokoteni likapita, tukalipisha njia.

"Endelea," ami akasema.

"Imekwisha, mzee."

"Imekwisha vipi? Huyu si mke wa mtu?"

Karani akafunga kitabu.

"Nnakuuliza. Mumewe yuko hai, yuko ndani ya taa, sote tumemwona akiingia. Talaka iko wapi? Na kama ni mume aliyepotea, mwanamke aende kwa kadhi, kadhi angoje muda wake, amhukumu kuwa amekufa, ndipo akae eda. Kadhi yuko ukurasa gani?"

"Kule kwao, mzee, wana mambo yao ya mahakama—"

"Hata ninyi Wakristo hamfanyi hivi."

"Hatufanyi," karani akasema.

"Yakhe, huyu mwandishi alikuwa amelewa," dereva akasema. "Miaka yote hii anatulisha mwanamke mwema, halafu ukurasa wa mwisho anamfanya malaya. Na kuzima anaizima yeye mwenyewe. Si ndio amemuua?"

Mtu mmoja akasema karani ameruka kurasa. Mwingine akataka kuzihesabu. Nilikichukua kitabu nikakipekua mbele yao, kurasa zilikuwa zimefuatana vizuri. Nilisema hivyo. Sikutaka alaumiwe kwa jambo ambalo hakulifanya. Lakini na mimi nilikuwa nimeghadhibika, siwezi kujitoa. Nilihisi kama mtu aliyealikwa karamu akakuta mwisho wake ni matusi.

Dereva akasema siku hizi hadithi hizi zina ukurasa kwenye mtandao ambako wasomaji wa dunia nzima huandika maoni yao. Ami akamgeukia karani. "Basi wewe unajua lugha yao. Waandikie. Waambie kuna wazee Mombasa wanauliza ndoa ile imevunjwa na nani. Waandike sawasawa, wasione sisi ni watu wa kudanganywa."

"Nitawaandikia, mzee," karani akasema. Akaondoka bila kumaliza kahawa.

Wiki nzima mtaa haukuzungumza jingine. Nikiwapima watu kifua huku wamenyoosha mikono wananiuliza, "Na yule mwanamke?" Kuna mteja alisema alimwota. Dereva alikuwa akisimulia kisa kwa abiria wake, akipita dukani ananiambia wameungana naye wote kumlaani. Ami alipunguza kula. Nilimwambia ni hadithi tu, akaniuliza kama ningependa nife halafu niambiwe mke wangu naye ni hadithi tu. Mke wangu aliyekuwa akisikiliza ndani alicheka mpaka nikasikia.

Jumapili, siku moja tu baada ya kitabu kwisha, dada yangu alikuja kula kwetu. Anafanya kazi mapokezi katika zahanati moja mjini, na Kiingereza anakijua vizuri. Vitabu vyote vilikuwa kwangu, kwenye droo ya vitambaa, maana karani aliviacha dukani tangu mwanzo. Nikamwomba dada anitafutie kwenye simu yale maoni ya wasomaji wa ng'ambo. Nilitaka kusikia hasira ya wenzetu. Nilidhani nitapata nafuu.

Akapata mengi, akawa ananisomea huku anakula. Wenzetu kweli walikuwa na hasira. Mmoja alisema Giza lilipaswa kupigwa ngumi likaanguka, si kurudishwa nyuma tu. Mwingine alisema kitabu cha nne kilieleza wazi kwamba mtu hawezi kukaa ndani ya taa zaidi ya pumzi moja, basi mwandishi amevunja sheria yake mwenyewe. Mwingine alitaka arudishiwe pesa zake. Mwingine alilia, akasema anafurahi yule mwanamke hatimaye amelala usingizi.

"Na ndoa?" nikauliza.

"Ndoa gani?"

"Kuolewa na mtu wa pili na mume yu hai."

Dada akateremsha kidole kwenye simu muda mrefu. "Hakuna aliyelisema hilo," akasema.

Hapo ndipo niliposhtuka. Nilijaribu kulipima jambo kwa haki. Ama watu wote wale wa ng'ambo hawajali ndoa, na hilo sikutaka kulidhania, maana ni kuwasingizia watu nisiowajua. Ama kuna kitu wanachokijua wao na mimi sikijui. Nikatoa kitabu cha kwanza nikamfungulia ule ukurasa wa mlangoni alfajiri.

Dada akasoma. Akasoma na ukurasa wa pili. "Hawa hawakuoana," akasema. "Wanakaa pamoja tu. Hapa anamwambia, 'Siku moja utaniuliza lile swali, na mimi nitasema ndiyo.' Kwani mlisomewa vipi?"

"Tulisomewa ni mkewe."

Aliendelea na vitabu vingine, na mimi niliendelea kusikitika. Ile chupa ya kitabu cha tatu, tuliyoambiwa ni dawa ya kifua, haikuwa dawa. Ule ugomvi wa kitabu cha sita, tulioambiwa walibishana juu ya kazi ya usiku, ulikuwa ni juu ya kuoana: mwanamke anataka, mwanamume anaogopa kumfanya mjane. Ni ukurasa mzuri sana, dada alinisomea mara mbili. Sisi hatukuwahi kuupata. Ila kitabu cha mwisho, neno kwa neno, karani alikuwa ametusomea kama kilivyo.

Jumatatu jioni nilifunga duka mapema nikaenda Makupa anakokaa karani. Nilimkuta kwenye kibanda cha chai cha upande wa pili wa barabara, malori yakipita na kutikisa vikombe. Aliponiona na kile kitabu cha kwanza mkononi akajua. Akanisogezea kiti.

"Umesomewa," akasema.

"Dada yangu amenisomea."

Akavua miwani akaifuta. "Ningesema nini, fundi? Siku ya kwanza nimekaa kwenye baraza ya mzee wa watu, nimepewa kahawa yake, ananiuliza ni mkewe. Niseme anakaa na mwanamke hivi hivi?"

"Ungesema hujui."

"Angeniambia soma mbele tujue."

Hilo ni kweli, angemwambia hivyo hivyo.

"Nilidhani wataoana," akasema. "Kila kitabu kipya kikifika nakifungua usiku peke yangu naomba Mungu waoane, ili uongo wangu uwe kweli na mambo yaishe. Kitabu cha sita nilikaribia kufurahi. Halafu hiki cha mwisho. Nilikisoma mara nne kabla ya kuja kwenu. Nikafikiri nimfanye yule wa zimamoto awe kaka yake, ameshika mkono wa dada yake. Lakini bustani ile na nguo ile, mzee angenicheka."

"Kwa nini hukusema ukweli siku hiyo hiyo?"

"Nilifungua mdomo. Akaniuliza kadhi yuko ukurasa gani."

Nilitaka kucheka nikajizuia, maana nilikuwa nimekuja na hasira na sikutaka ipotee njiani. Nikamwambia lazima aseme. Watu wanamtukana mwandishi kwa kosa ambalo si lake, na wanamtukana mwanamke ambaye hakumvunjia mtu ndoa. Akanijibu kwamba mwandishi yuko mbali, hasikii, na mwanamke amechorwa kwa wino.

"Mimi ndiye niliye karibu," akasema. "Ofisini naitwa kwa kabila langu. Ninapopanga naitwa namba ya chumba. Pale kwenu naitwa msomaji. Nikisema, sitaweza kukaa pale tena."

Nilimwelewa, na bado nilimwambia kwamba Jumamosi asiposema yeye, nitasema mimi. Njia nzima kurudi nilijiuliza nani amenipa kazi hiyo. Hakuna aliyeniomba haki. Ningeweza kuvirudisha vitabu kwenye droo, hasira ya watu ingepoa yenyewe, karani angekuja na hadithi nyingine na tungeendelea. Mke wangu alinishauri hivyo. Labda alikuwa sahihi. Lakini nilikuwa nimeshajua, na nisingeweza kukaa pale namsikia dereva akimwita mwanamke yule malaya, na mimi nanyamaza.

Jumamosi nilidhani hatakuja. Alikuja. Alivaa shati la kazini, kama anakwenda kwa mkubwa wake. Hakukaa. Ami akasogea kumpa nafasi, naye akabaki amesimama, akasema yote. Alianzia siku ya suruali. Hakunitaja.

Alipomaliza dereva alicheka kwanza. Kisha akaacha. "Ina maana mimi wiki nzima namtukana mwanamke bure," akasema. "Nimewatukanisha na abiria."

"Ndiyo," karani akasema. "Samahani."

"Na ile dawa ya kifua?"

"Ilikuwa pombe."

"Hilo nililijua," dereva akasema, na mimi siamini kama alilijua.

Wote tulimtazama ami. Alikuwa ameshika kikombe kitupu. Nilitegemea aseme habari ya zinaa, au ya uongo, kwamba mtu amekaa miaka kwenye baraza yake akisema uongo. Hakusema hayo.

"Basi Mtu wa Taa alipougua," akamuuliza karani, "katika kile kitabu cha mvua, mwanamke akakaa kando ya kitanda chake siku zote zile akilia. Alikuwa nani wake?"

"Alikuwa mtu wake tu, mzee. Aliyempenda."

"Mimi niliwaombea dua," ami akasema. "Niliwaombea kama mume na mke." Akakiweka kikombe chini. "Wewe kosa lako si kuwaoza. Mimi mwenyewe nimeoza watu wengi ili wasiaibike. Ulipoamua kutufichia ungetufichia mpaka mwisho. Ungetuambia amekufa ndani ya taa. Ungetuambia mwanamke alikaa eda yake. Neno moja. Tungelia, tungekwenda kuswali, yangekwisha."

"Sikutaka kuongeza uongo mwingine."

"Sasa ndiyo ukaona haya?"

Dereva akasema hapana, yeye hataki kufichwa, anataka visomwe upya vyote kuanzia cha kwanza, kama vilivyoandikwa, na kiganja kiondolewe kwenye picha. Watu wawili wakamuunga mkono. Ami akasema kwenye baraza yake havisomwi hivyo, kuna wasichana madirishani. Mwingine akasema visomwe nusu, yaani ukweli usemwe lakini usemwe kwa adabu. Karani akauliza adabu hiyo mpaka wake uko wapi, maana alijaribu kuitafuta na ndiyo iliyomfikisha hapa. Wakapandishiana sauti wao kwa wao, yeye amesimama katikati kama mtu aliyeleta mzigo ambao wenyewe wanaugombea.

Nami nilikuwa na langu, sikupata nafasi ya kulisema. Tangu dada anisomee nilikuwa nimeutazama ule ukurasa wa mwisho kila usiku. Ukijua kwamba hawakuoana, kwamba mwanamke alitaka na mwanamume akamnyima kwa huruma, kisha akaingia kwenye taa bila kumwuliza, basi kule kuzima taa si ukatili. Amemngoja mtu ambaye hata haki ya kumngoja hakumwachia. Anaizima ili alale. Nimefikiri huo ni mwisho mzuri. Pengine nimekosea, sina elimu ya mambo haya. Lakini nilitaka kuusema mbele ya watu wale wale niliosikiliza nao, na wao walikuwa wakibishana kuhusu kiganja.

Adhana ya magharibi ilipokaribia, ami aliinua mkono wakanyamaza. Akamwambia karani, "Kaa chini, bwana. Umesimama toka alasiri."

Karani akakaa. Ami akamimina kahawa akampa. "Vitabu nimeacha," akasema. "Si kwa hasira. Nikisikia tena mtu anarudi nyumbani alfajiri nitataka kuuliza, na nikiuliza utapata tabu. Lakini Jumamosi uje. Utatueleza habari za bandarini."

"Habari za bandarini ni makaratasi tu, mzee."

"Basi utatueleza makaratasi."

Ni Jumamosi kadhaa sasa. Karani anakuja, anakaa pale pale, anapewa kahawa, anaitwa msomaji kama zamani ingawa hasomi. Anasimulia meli zilizochelewa na makontena yaliyopelekwa kusiko, na watu wanamsikiliza kwa heshima mpaka wanaanza kuzungumza kandanda. Dereva hajafuta maandishi ya tuktuk. Amesema kufuta ni gharama. Kutusomea kwenyewe ndiko kumekwisha, na nikijaribu kutafuta nani wa kumlaumu simpati. Ami alijitahidi, karani alijitahidi, hata mwandishi wa watu huko aliko alijitahidi. Ningekuwa na mtu mmoja aliyefanya ubaya ningekuwa nimeshapumzika.

Jumamosi iliyopita, watu walipokwenda kutia udhu, nilibaki na karani peke yetu barazani. Nikamwambia kile ninachofikiri kuhusu ukurasa wa mwisho. Nilikisema vibaya, nikirudia rudia, nikionyesha kwa mikono jinsi anavyoizima.

"Ndivyo nilivyouelewa mimi," akasema. "Niliupenda sana. Nilikuja siku ile ya kitabu cha mwisho nikitaka kuwaambia."

Nilikuwa na mengi ya kumwuliza, kuhusu kitabu cha sita na ule ugomvi wao. Lakini ami alikuwa ananiita kwa ajili ya swala, na karani alikuwa amesimama anatafuta usafiri wa kurudi Makupa. Tukapeana mikono, nikaingia ndani.